Jiwe Lililomezwa Mara Kumi na Saba

Nilifikaje huko? Msiniulize. Aliyefika amefika, na habari za njiani huwachosha wasimuliwao kuliko zilivyomchosha msafiri. Mimi ni Zuhura binti Kombo. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa kuandika kila neno linalosemwa barazani, likiwa la maana au la upuuzi, na la upuuzi ndilo lililonimalizia wino. Sina tabia ya kutia chumvi. Nilichokisikia huko nimekiandika, nilichokiona nimekiandika, na asiyeamini asiamini, ila asinikatize.

Nchi yenyewe ni sayari nzima, na wenyeji hawaitaji kwa jina. Huiita Bi Mkubwa, kwa adabu, kama vile usivyomwita mama mkwe wako kwa jina alilopewa na wazazi wake. Bi Mkubwa hulizunguka jua lake kwa njia moja, na Sheria ya Kwanza ya nchi imechongwa juu ya mlango wa kila ofisi: NJIA NI YA MMOJA. Niliikuta hata juu ya mlango wa choo cha wageni, na nakiri kwamba pale ndipo ilipokuwa na maana zaidi.

Kichekesho ni kwamba njia hiyo si ya mmoja, na kila mtu anajua. Kuna jiwe. Ni jiwe la anga, dogo, ukianza kulizunguka kwa miguu asubuhi utakuwa umerudi ulipoanzia kabla ya adhuhuri, nalo linalizunguka jua kwenye njia ile ile ya Bi Mkubwa. Kwa miaka mingi huwa mbali, upande wa pili wa jua. Kisha husogea, likasogea, mpaka watu wakaliona kwa macho mchana kweupe. Hilo hutokea kila baada ya miaka kumi na minane, na kila linapotokea serikali hutangaza siku arobaini za adabu. Madirisha hufungwa, mapazia huteremshwa, redio huzimwa, na watu hukaa ndani wakitazama sakafu.

"Kwa nini lakini?" nilimuuliza karani aliyenipokea.

"Kwa sababu Bi Mkubwa anakula," alisema, na sauti akaishusha. "Mtu mzima akila hatazamwi, bibi. Kwani huko kwenu mnatazamana vinywani?"

Siku arobaini zikiisha, hufungua madirisha. Jiwe halipo pale lilipokuwa. Basi limemezwa! Matanga hukaliwa, hotuba husomwa, na kifo huandikwa daftarini. Baada ya hapo mtu huchungulia angani akaona jiwe dogo linakwenda zake polepole, na Ofisi ya Vizazi vya Mawe hulisajili kuwa limezaliwa. Siku niliyofika mimi, daftari lilikuwa na vizazi kumi na vinane na vifo kumi na saba. Nikamuuliza karani kama mawe hayo yalikuwa na tofauti yoyote.

"Hata chembe," alinijibu kwa fahari. "Bi Mkubwa huzaa sura moja."

Nikafunga daftari langu, maana nilihisi nikiendelea kuuliza nitacheka, na kucheka ugenini ni ukosefu wa adabu.

Nilipangiwa kulala kwa mwanamke mmoja wa makamo aitwaye Mwanatumu, mtumishi wa Ofisi ya Miigo. Mwigo, alinieleza huku akinimiminia kahawa, ni safari inayofanyika ndani ya kompyuta. Unaiambia mashine jua liko hapa, sayari iko hapa, jiwe liko hapa na linakwenda mwendo huu. Mashine inapiga hesabu ya nani anamvuta nani, inasogeza kila kimoja hatua moja, inapiga hesabu tena, inasogeza tena, mara milioni. Kwa njia hiyo unaona asubuhi moja mambo ya miaka mia tatu. Kwenye kioo jua ni duara la manjano, Bi Mkubwa ni tone la kijani, na jiwe ni kitone cheupe.

"Kazi nzuri," nikasema.

"Ingekuwa nzuri," akasema Mwanatumu, "kama ningeruhusiwa kuimaliza."

Akanionyesha barua. Ilikuwa ya mama yake, Bi Kazija, na juu yake posta ilikuwa imepiga mhuri mwekundu: MWANDISHI NI MAREHEMU.

Na hapa ndipo nilipoacha kutaka kucheka. Jiwe lile linakaliwa na watu. Ni nyumba sitini na kitu, wenye bustani, wenye mbuzi, wenye ugomvi wao wa mipaka kama watu wote. Mwanatumu alizaliwa huko. Miaka kumi na minane iliyopita, jiwe lilipokaribia, alivuka kwa chombo cha barua kuja kusoma hesabu. Alikuta kila dirisha limefungwa. Siku arobaini zilipokwisha alifunguliwa mlango, akapewa kiti, akapewa na rambirambi: jiwe lako, Jiwe la Kumi na Saba, limemezwa pamoja na wazazi wako, Mungu akupe subira. Alipowaambia kwamba jiwe lake ni lile pale, linaonekana, waliitikia kwa vichwa na kumwambia kwamba majonzi humfanyia mtu hivyo.

"Mama ananiandikia kila chombo kikipita," alisema. "Na mimi kila barua naambiwa niisome moyoni, kwa sababu barua ya maiti haisomwi kwa sauti."

"Anasema nini?"

"Anasema wanakuja. Wameshona nguo. Kila wakikaribia hapa huvaa vizuri, wakapiga hodi kwa redio mara tatu, kama watu waliofunzwa. Hakuna anayeitikia, na madirisha wanayaona yanafungwa. Basi hurudi. Mama ananiuliza, hao watu wa Bi Mkubwa, tumewakosea nini?"

Alikunja barua. Halafu akaniambia jambo la pili. Safari hii kungetumwa Nyundo. Katika miaka ya karibuni ardhi ya Bi Mkubwa ilikuwa imetetemeka mara tatu, na Waziri wa Tumbo la Taifa alikuwa amefikia uamuzi kwamba ni kuvimbiwa. Mawe kumi na saba yamejaa tumboni, la kumi na nane halina pa kukaa. Kwa hiyo kombora lingelipasua jiwe kabla halijafika, baada ya siku tisa. Kuhusu wakazi, wizara ilijibu kwa maandishi kwamba watu wa Jiwe la Kumi na Saba walikwishakufa, na wa Jiwe la Kumi na Nane hawajawahi kusajiliwa, kwa hiyo hakuna mtu.

"Na wewe unajuaje kwamba halimezwi?" nikamuuliza. Niliuliza kwa ukali, kwa sababu nikiogopa huwa mkali.

"Kwa sababu mama yangu bado ananigombeza," alisema Mwanatumu. "Lakini baraza halitaki mama. Linataka mwigo."

Kesho yake akanipeleka kuuona mwigo unavyofanyika. Nikamkuta kule Mzee Shekuwe, Mfunika Kioo Mkuu, mtu mrefu, mtaratibu, aliyebeba mkononi kitambaa kizito cheusi kilichotariziwa kwa hariri. Kazi yake ilikuwa moja. Kitone cheupe kinapofika shibiri moja kutoka kwa tone la kijani, Mzee Shekuwe hukifunika kioo kwa heshima, fundi huzima mashine, na Mwanatumu hujaza fomu. Fomu ilikuwa na swali moja, *Jiwe lilipatwa na nini?*, na chini yake kisanduku kimoja, *Limemezwa.*

"Mzee wangu, umefunika mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mara elfu nne na mia mbili, katika miaka ishirini na sita."

"Na mara zote limemezwa?"

"Zote."

"Umeona?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa idadi ya meno ya mkewe. "Nimeona kitambaa," alisema.

Sasa nije kwenye baraza. Wao walikuwa na mwandishi wao, lakini yule aliandika yale ambayo waheshimiwa walipaswa kusema, si waliyosema, na Bi Spika alikuwa amechoka naye. Aliposikia kazi yangu, akanikalisha kwenye meza ya kumbukumbu. Kiti kilikuwa kibovu. Nalisema hili kwa sababu ni kweli.

Mwanatumu alisimama mbele yao, mashine ikiwa pembeni yake na Mzee Shekuwe nyuma yake na kitambaa. Aliomba jambo dogo tu: mwigo mmoja wa mwisho kabla ya Nyundo, nao uendelee mpaka uishe.

Waziri wa Tumbo aliruka. "Uishe! Mnasikia? Binti huyu anataka tumkodolee macho Bi Mkubwa akiwa na tonge mdomoni! Leo kwenye kioo, kesho dirishani, keshokutwa tutamfuata hadi msalani!"

"Aibu! Aibu!" walipiga kelele waheshimiwa, na nikaandika *aibu* mara mbili.

"Sitaki kumtazama akila," alisema Mwanatumu. "Kioo kifunikwe kama kawaida. Naomba mashine isizimwe tu."

"Sheria inataka izimwe!" alisema Waziri.

Bi Spika akanigeukia. "Mgeni, sheria iko mbele yako. Tusomee."

Jamani, miaka thelathini na mmoja nimesoma maandishi ya watu wengine bila moyo wangu kwenda mbio. Siku ile ulikwenda. Nikasoma: "Kioo kifunikwe wakati Bi Mkubwa anakula." Nikageuza ukurasa, nikarudi, nikasema, "Basi. Habari ya kuzima haimo."

"Imezimwa tangu enzi za mababu!"

"Imezimwa, Mheshimiwa. Haikuandikwa."

Ukumbi ukawa kama soko. Bi Spika alipiga meza, akasema kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa, na sasa swali ni moja: kitambaa kikae kwa muda gani? Kwa maneno mengine, mtu mzima hula kwa muda gani?

Hapo nilijaza kurasa kumi na moja. Mmoja alisema nusu saa. Mwingine alisema hiyo ni ya wenye njaa, Bi Mkubwa hana njaa. Mheshimiwa wa kusini aliapa kwamba baba mkwe wake alishinda na kichwa cha samaki saa mbili nzima, na mifupa akaifyonza. Waziri alipendekeza mwaka. Akaulizwa kama yeye mwenyewe aliwahi kula mwaka mzima, na kwa jinsi alivyo mnene watu walisubiri jibu kwa hamu. Mwishowe wakapiga kura, baba mkwe akashinda. Saa mbili.

Mwanatumu aliandaa mwigo. Kabla ya kuanza alimwomba Mzee Shekuwe ahesabu alichoweka ndani. "Jua moja," alihesabu mzee. "Bi Mkubwa mmoja. Jiwe moja." Akatia sahihi. Kitone cheupe kikaondoka, kikazunguka, kikasogea. Kilipofika shibiri moja, Mzee Shekuwe akafunika kwa mikono miwili, kama anayefunika mtoto aliyelala. Mashine ikaendelea kunguruma chini ya kitambaa, na tukakaa.

Saa mbili ni nyingi. Mwanatumu hakukaa. Alisimama, ameishika ile barua ya mama yake, na midomo inacheza bila sauti. Nilimwombea, nami si mtu wa kuomba ovyo.

"Muda!" alisema Bi Spika.

Mzee Shekuwe akainua kitambaa. Kitone cheupe kilikuwepo! Hakikuwa tumboni mwa mtu. Kilikuwa mbali na Bi Mkubwa shibiri tatu nzima, kizima, kinakwenda zake kule kule kilikotoka.

Waziri hakukawia. "Limezaliwa!" alipiga kelele. "Jiwe la Kumi na Tisa! Andikeni!"

"Mheshimiwa," alisema Mwanatumu, "mashine hii haizai. Niliweka jiwe moja."

Watu wote wakamgeukia Mzee Shekuwe. Mzee alitazama karatasi yenye sahihi yake. Alitazama kioo. Alitazama kitambaa.

"Moja," alisema. "Nilihesabu mimi mwenyewe. Lilikuwa moja." Halafu akasema kwa sauti kubwa ambayo nadhani hata yeye hakujua anayo, "Rudia! Rudia, mwanangu! Na hiki kitambaa..." Akakikunja mara nne, akakiweka kwenye kiti, akakikalia.

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu nchi ile iitwe nchi, watu wakatazama. Kitone kilikuja kutoka nyuma kwa kasi, kikimkaribia Bi Mkubwa. Kikakaribia zaidi, na mheshimiwa wa kusini akajifunika macho kisha akatazama kati ya vidole. Kikapunguza mwendo. Kikasita. Kikaanza kurudi nyuma, taratibu, bila kuguswa.

"Lakini Bi Mkubwa analivuta!" alisema Mzee Shekuwe. "Hesabu inaonyesha analivuta. Mbona halifiki?"

"Ndiyo analivuta, mzee wangu," alisema Mwanatumu. "Jiwe linakuja kwa mstari wa ndani, mfupi, wenye mwendo wa haraka. Bi Mkubwa akilivuta mbele, analiongezea nguvu, na nguvu hiyo inalipandisha mstari wa nje. Umewahi kutazama watu wakishindana mbio za kuzunguka uwanja? Wa nje ana njia ndefu. Na huku juu wa nje hata mwendo wake ni wa polepole. Kwa hiyo linabaki nyuma. Siku Bi Mkubwa atakapolikuta tena kutoka upande wa pili, atalivuta nyuma, litashuka mstari wa ndani, litakimbia mbele na kumwacha."

"Kwa hiyo kule kuvuta ndiko kunakorudisha?"

"Ndiko."

"Ishirini na sita," alisema Mzee Shekuwe. "Miaka ishirini na sita nimefunika watu wakiagana."

Machozi yakamtoka, hakuyaficha. Mwanatumu akauacha mwigo uendelee. Jiwe likaenda, likarudi, likageuka. Mtu mmoja nyuma akahesabu, "Mbili!" Likarudi likageuka. "Tatu!" Kufikia mara ya saba ukumbi mzima ulikuwa unahesabu kwa miguu. Kufikia mara ya kumi na mbili wanawake wa jikoni walikuwa wameingia na miko yao mikononi. Lilipogeuka mara ya kumi na saba, likiwa lile lile, moja, lenye umri wa nchi, vigelegele vilipaa mpaka nikashindwa kusikia kalamu yangu. Bi Spika alisimama juu ya kiti. Waziri alidai kura ya Nyundo ipigwe kwa siri. Ikapigwa kwa siri. Kura ya kuunga mkono Nyundo ilikuwa moja, na wote tulijua ya nani.

Zilizofuata zilikuwa siku za karatasi. Kufuta kifo kimoja huko ni kurasa sita, na walikuwapo marehemu wa vizazi kumi na saba. Mwanatumu alijaza ya mama yake mwenyewe, na kwenye nafasi ya *sababu ya kutokufa* akaandika: *alikuwa safarini.* Sheria ya Kwanza nayo ilirekebishwa. Baada ya mabishano ambayo sitawachosha nayo, wakaongeza maneno mawili, na sasa inasomeka: NJIA NI YA MMOJA NA JIRANI.

Siku ya tisa, siku ambayo Nyundo ingeruka, jiwe lilikuwa juu ya paa zetu saa tisa alasiri. Hakuna dirisha hata moja lililofungwa. Watu walikuwa barabarani, ukutani, juu ya mapipa. Mzee Shekuwe alikuwa juu ya paa la ofisi, anapunga kile kitambaa cheusi kwa nguvu zake zote. Redio zilikuwa wazi kila nyumba. Tuliona bustani zao. Tuliona mbuzi. Mwanatumu alinishika mkono akanibana mpaka ukaniuma, na sikuulalamikia.

Redio ikakwaruza. Sauti ya mwanamke mzee, ya mtu anayetimiza wajibu bila matumaini, ikasema, "Hodi."

Hakuna aliyethubutu. Hawakuzoea.

"Hodi," ikasema mara ya pili.

Nikaona uso wa Mwanatumu. Kinywa kilikuwa wazi na sauti haitoki.

"Hodi," ikasema sauti ile mara ya tatu, chini kidogo, kama mtu aliyekwisha geuza mguu.

"KARIBU!" alilia Mwanatumu. "Karibu, mama! Karibu!"

Na nchi nzima ikaitikia. Karibu ilitoka madirishani, ikatoka mapaani, ikatoka kwa makarani na kwa wapishi, na nasikia hata Waziri aliisema, ingawa chini chini. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, na kalamu sikujua niliiangusha wapi.

Juu yetu jiwe lilikuwa limesita, na tulijua, kwa kuwa sasa tulikuwa tumeona, kwamba linaanza kugeuka. Kisha Bi Kazija akasema, na sauti yake ilikuwa inacheka na kulia kwa pamoja:

"Kumbe mpo!"

Akapenga kamasi, nchi nzima ikamsikia.

"Basi starehe, jamani, msinyanyuke. Tunapita tu."